Kondakta mkali akishaondoka, kinabaki nini?

Mstaafu_Tarumbeta

Ndugu zangu, hamjambo. Kondakta ninayemleta hapa si yule wa takisi anayening'inia mlangoni akiita "Jinja, Jinja, mmoja wa mwisho" huku viti vinne viko wazi. Ni yule anayesimama mbele ya okestra na kifimbo mkononi, hapigi chombo chochote, na bado watu mia moja wanamwogopa kuliko wanavyomwogopa baba mkwe.

Nilipiga tarumbeta ya pili miaka kumi na tisa katika bendi moja hapa Uganda. Siitaji, waliokuwamo wataijua. Kiswahili changu nilikiokota humo humo, kwa amri na kwa matusi, basi nikikosea ngeli mnivumilie. Sasa nimestaafu, niko Bugembe, nafuga kuku, na usiku nasikiliza muziki kwenye simu aliyoniachia mjukuu. Mwezi mzima huu nimemsikiliza mtu mmoja tu, George Szell.

Alizaliwa Budapest mwaka 1897, akakulia Vienna, akaanza kupiga piano jukwaani angali mtoto. Vita ya 1939 ilimkuta yuko safarini, akaishia New York. Mwaka 1946 akakabidhiwa Okestra ya Cleveland, katika jimbo la Ohio kule Marekani, mji wa viwanda vya chuma na moshi. Akakaa hapo miaka 24, mpaka kifo kilipomtoa Julai 1970. Alipofika aliwaondoa watu, akaleta wengine, akaongeza idadi, halafu akaanza mazoezi. Mazoezi yenyewe sasa! Inasimuliwa alikuwa akijigamba kwamba okestra yake hufanya maonyesho saba kwa wiki, ila wenye tiketi huruhusiwa kuingia kwenye mawili ya mwisho tu. Yaani siku tano ukumbi mtupu, na huruhusiwi kupiga kama mtu anayefanya mazoezi.

Hata jengo halikupona. Ukumbi wao wa Severance Hall ulifunguliwa 1931, mzuri wa kutazama, lakini ulikuwa unameza sauti. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Szell akasimamia jukwaa lijengwe upya, mazulia yakaondolewa, mpaka watu wakaliita jukwaa lile ganda la Szell. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Sisi tulifanyia mazoezi chini ya mabati. Mvua ya Jinja ikianza, bendimasta anabaki anapunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki, hatumsikii wala hatujisikii.

Alichokitaka Szell ni kitu kimoja: watu mia wasikilizane kama watu wanne wanaopiga fidla sebuleni. Ukisikiliza Beethoven wake utakielewa. Fidla zinapoishia na zumari linapopokea hapana mwanya, ni kama mtu mmoja amemeza mate akaendelea kusema. Mwaka 1957 akaipeleka okestra Ulaya, kule kwenye miji iliyouzaa muziki wenyewe, na waliozoea kuidharau Marekani wakakaa kimya. Alipokufa wakaja wengine: Lorin Maazel, Christoph von Dohnányi kuanzia 1984, Franz Welser-Möst tangu 2002. Na ule usikivu ukabaki. Dohnányi inasemekana aliwahi kulalamika kwamba yeye na wenzake hupiga vizuri, kisha magazeti humsifu Szell. Marehemu wa miaka mingi, bado anapokea mshahara wa sifa.

Sasa niwape wa kwetu. Tulikuwa tunajiandaa kwa sherehe za uhuru za 9 Oktoba. Wimbo wetu wa taifa, wa George Kakoma, uliochaguliwa 1962, ni mfupi kweli, katika zile fupi kabisa duniani, ndiyo maana huimbwa beti zote tatu. Wengine hudhani ufupi ni nafuu. Ufupi ni mtego! Nota moja ikienda upande umeharibu kipande kikubwa cha nchi. Afande, ndiye bendimasta wetu, anasimama kafumba macho, penseli iko sikioni. Anagonga kile kisimamio cha karatasi. "Tarumbeta ya pili. Chini." Yaani sauti yangu iko chini ya nota inayotakiwa. Tunarudia. "Chini." Tunarudia. Mara ya nne hakusema neno, alinyoosha kidole mlangoni. Nikatoka juani, tarumbeta nimeinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, mpaka wenzangu walipomaliza ngwe ile. Niliporudi mikono inatetemeka, mdomo umekauka kama karatasi. "Sasa piga." Nikapiga. Akanyamaza, akageukia ngoma. Kunyamaza ndiyo sifa pekee aliyokuwa akitoa.

Hadi leo naamini sikuwa chini. Klarineti ndizo zilizokuwa juu. Lakini bendi ile ilisikika, waliokuwepo wanajua. Kwa hiyo mimi nasema ukali ndio uliotulea. Mwenye neno alete.

Chenji_Yangu

Mimi nimeingia kwa sababu ya neno kondakta. Nilikuwa nimeshaandaa malalamiko yangu ya Kampala hadi Mukono. Haya, nabaki, nimefika nimefika.

Nyabo_Tromboni

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma mpaka mwisho, na hadithi ya jua nimeisoma mara mbili, maana ina kitu ambacho nadhani hata wewe hujakiona.

Mimi napiga tromboni hapa Kampala, harusini, kanisani, popote wanapolipa. Chombo cha shaba kikipata joto sauti yake hupanda. Asubuhi ya baridi tunalia kuwa tuko chini, saa saba mchana tunalia kuwa tuko juu, na midomo ni ile ile. Wewe ulikaa juani umeinua tarumbeta, jua likaichemsha. Ukarudi, ukapiga, ikawa imepanda. Afande akanyamaza kwa sababu nota ilikuwa imekaa sawa. Alichokifundisha hapo ni nini? Amepika tarumbeta, basi. Angekuambia usukume ndani bomba la kulinganishia sauti kwa unene wa ukucha mngemaliza kwa dakika moja, nawe ungekuwa umejifunza kitu cha kumfundisha mtu mwingine.

Halafu kuna kondakta mwingine mkali ambaye jina lake halikosi mazungumzo kama haya, Sergiu Celibidache, Mromania, aliyeiongoza Okestra ya Filhamonia ya Munich tangu 1979 hadi alipokufa 1996. Huyu alikuwa hataki hata kurekodi. Alidai mazoezi marefu kupita wenzake wote, na waliomsikia ukumbini wanasema hawajasikia tena kitu kama kile. Sawa. Mwaka 1980 okestra ile ilitafuta mpiga tromboni ya kwanza. Waombaji wakapiga nyuma ya pazia. Akachaguliwa Abbie Conant, Mmarekani. Barua ya kumwita ilikuwa imemwandika kama bwana. Pazia lilipoondoka, bwana akawa bibi. Mwaka 1982 Celibidache akamshusha awe wa pili. Dada wa watu akaenda mahakamani, na kesi zikamfuata hadi 1993. Walimpima mpaka mapafu, eti waone kama pumzi yake inatosha tromboni.

Masikio ya mzee yule yalikuwa makali mpaka pazia lilipofunguliwa. Baada ya hapo alisikia kwa macho. Nami kila ninapokuja kwenye kazi mpya na mfuko wangu mgongoni, kuna mwanamume atakayeniuliza nimembebea nani hicho chombo. Kwa hiyo nikisikia mtu anasifu ukali, huwa nauliza kwanza ulimwangukia nani.

Mtoto_wa_Bombo

Nyabo kale, umempiga mzee na fizikia.

Mimi niongeze kidogo. Kwetu babu alikuwa mtu wa bendi enzi za KAR, lile jeshi la Mwingereza la wakati wa ukoloni, na Kiswahili cha nyumbani kwetu ndicho hicho hicho cha mzee Mstaafu, cha "geuka nyuma" na "tembea haraka". Babu alikuwa akisema bendi ya kambini haina kondakta, ina mkubwa wa cheo anayejua nota. Tofauti iko hapo. Szell akimtukana mpiga fidla, huyo anaweza kufunga fidla yake akaenda Chicago. Afande akikutukana utakwenda wapi? Ukiondoka bila ruhusa wewe ni mtoro, utatafutwa. Basi huwezi kuupima ukali wa mtu ambaye walio chini yake hawana mlango.

Na kingine. Bendi ya kambini inapiga gwaride. Kazi yake ni miguu mia mbili iangukie chini pamoja. Hiyo unaweza kuipata kwa woga kabisa. Kusikilizana kama alivyotaka Szell ni kazi nyingine, sidhani kama woga unaifika. Mtu mwenye woga anamwangalia mkubwa, hamsikilizi jirani.

Mwalimu_Kwaya_Arua

Hapo Mtoto wa Bombo umegusa pangu. Kwaya yangu ina watu thelathini na wachache, hakuna anayelipwa hata nauli ya boda. Nikigomba Alhamisi, Jumapili sauti ya tatu wote wana msiba. Wote! Misiba ya Arua inajua ratiba ya kwaya yangu.

Nikabuni njia yangu. Nikiona hawasikilizani nawaambia wageuke, kila mtu atazame ukuta, migongo kwa migongo, nami natoka nje kabisa. "Anzeni." Hakuna wa kuwaonyesha mahali pa kuingia. Mara ya kwanza ni soko la Jumamosi. Mara ya pili mtu anaanza kupumua kwa sauti ili mwenzake ajue. Mara ya tatu wameingia pamoja, nami niko nje chini ya mwembe nashukuru Mungu. Inachukua muda mrefu kuliko kugomba, na wiki nyingine haifiki popote. Lakini nikiugua malaria kwaya inaimba.

Sijasema mimi ni Szell. Nasema tu.

Hesabu_za_Fidla

Mnazungumza tabia, hakuna anayezungumza pesa. Niruhusuni niwachoshe kidogo.

Mfalme wa wakali wote alikuwa Arturo Toscanini, Mtaliano, mtoto wa fundi cherehani wa Parma, aliyezaliwa 1867. Alikuwa mpiga cello katika kundi la opera lililokwenda Brazili, na mwaka 1886 mambo yakaharibika jukwaani Rio de Janeiro, watu wanazomea, kondakta hayupo. Wakamsukuma yeye mbele. Alikuwa na miaka 19. Akaongoza opera ya *Aida* yote kwa kichwa, kitabu kimefungwa. Macho yake yalikuwa mabovu, ndiyo maana aliziweka nota zote kichwani. Alivunja vifimbo, alitukana watu kwa Kitaliano mbele ya umati, alirarua karatasi.

Lakini sikilizeni na hili. Mei 1931, mjini Bologna, walitaka aanze onyesho kwa wimbo wa Mafashisti wa Mussolini. Akakataa. Wakampiga nje ya ukumbi, mzee wa miaka 64. Mwaka 1933 akakataa kwenda kwenye tamasha la muziki la Bayreuth, Ujerumani, kwa sababu ya Hitler. Desemba 1936 akasafiri mpaka Tel Aviv kuongoza onyesho la kwanza la okestra ya wanamuziki Wayahudi waliofukuzwa Ulaya, na hakutaka malipo. Kwa hiyo yule aliyewafokea wapiga fidla aliwafokea na madikteta pia. Mzee Mstaafu, afande wenu aliwahi kukataa kupiga wimbo wowote?

Nije kwenye pesa. Mwaka 1937 kampuni ya redio ya NBC ikamuundia okestra yake mwenyewe New York. Ilikuwa okestra ya mtu mmoja. Aprili 1954, akiwa na miaka 87, kumbukumbu ikamponyoka katikati ya onyesho, hewani, watu wanasikiliza. Huo ukawa mwisho wake. Na kampuni ikaivunja okestra mwaka ule ule! Wapigaji wenyewe wakajikusanya wakabadili jina, na msimu ule wakapanda jukwaa la Carnegie Hall bila kondakta, mahali pake patupu, wakapiga. Wakaendelea kuhangaika hadi 1963, pesa zikawaishia.

Kwa hiyo urithi wa Toscanini masikioni mwa wale watu ulikuwepo, wangeweza kupiga hata bila yeye. Kilichokosekana ni mwenye kulipa. Cleveland ilikuwa na mji nyuma yake, matajiri wa viwanda, watu wa kununua tiketi msimu mzima. Mwaka 1968 wakajenga na ukumbi wa wazi wa Blossom ili okestra iwe na kazi majira ya joto. Mwanamuziki anayelipwa mwaka mzima haendi kuuza dukani miezi mitatu na kurudi vidole vimeota kutu. Mnamsifu Szell kwa kilichofanywa na daftari la mhasibu.

Chenji_Yangu

"Vidole vimeota kutu", hii naiiba.

Nyabo_Tromboni

Hesabu, nakubali nusu. Nimepiga katika vikundi vyenye pesa na watu hawasikilizani kabisa, kila mmoja anatazama saa. Pesa inakuleta chumbani. Ukishafika unafanya nini, hiyo haiwezi.

Ila ile ya kupiga bila kondakta imenikaa. Wangeanzaje? Nani alitoa pumzi?

Mwalimu_Kwaya_Arua

Mpiga fidla wa kwanza, bila shaka. Anainua upinde na kuvuta hewa puani, wanaomwona wanaingia naye, wasiomwona wanawafuata wanaomwona. Kwaya yangu hufanya hivyo hivyo, kasoro fidla.

Mstaafu_Tarumbeta

Nimechelewa kurudi, kuku waliingiliwa na kicheche.

Hesabu, umeuliza kama afande alikataa kupiga wimbo. Hapana. Tulipiga kila tulichoamriwa, kwa kila aliyeamuru, na nchi hii mnaijua. Sina la kujitetea hapo.

Nyabo, lile la jua limeninyima usingizi. Miaka yote nimelisimulia kama hadithi ya mwalimu mwenye masikio makali, kumbe ilikuwa hadithi ya shaba na jua. Niliwahi kumfanyia kijana mmoja vile vile nilipopata mistari miwili begani. Sikumpeleka juani, nilimsimamisha mlangoni. Ni kile kile.

Sasa niseme kitu ambacho sikukiandika mwanzo, kwa sababu kingeharibu hoja yangu. Kulikuwa na rafiki yangu wa klarineti. Sikio lake lilikuwa bora kuliko la sisi wote, kuliko la afande mwenyewe, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa shida. Klarineti inalia kwa ridi, kile kipande chembamba cha mwanzi kinachofungwa mdomoni. Ridi zilikuwa hazipatikani. Alizinunua kwa pesa yake, zikija kwa mkono wa mtu kutoka Nairobi, na ridi nzuri aliitunza kwenye kopo la dawa, imefungwa kitambaa. Siku moja alithubutu kusema, kwa adabu zote, "Afande, nadhani baritoni ndiyo iko juu." Afande akamwendea, akanyoosha mkono, akaichomoa ile ridi kwenye klarineti na kuivunja kati ya vidole viwili. Ilitoa sauti ndogo, kama mtu anavunja njiti ya kiberiti. Akaziangusha zile nusu mbili kwenye kisimamio chake, akarudi mbele, akainua mikono kuanza.

Tukaanza. Wote tukaanza, na mimi nikiwamo. Yeye akakaa na klarineti isiyo na ridi magotini.

Mkataba wake ulipoisha hakuomba mwingine. Anauza vipuri vya magari Kampala, na tangu siku ile hajashika chombo. Mtoto wa Bombo, yeye aliusubiri mlango ukafunguka. Kwa hiyo ninaposema "bendi ile ilisikika", ilisikika bila yeye, na huyo hakuna anayemhesabu. Wa Szell nao walioondoka mwaka ule wa kwanza, sijui nani anasikiliza rekodi zao.

Nyabo_Tromboni

Banange. Afande yuko wapi sasa?

Mstaafu_Tarumbeta

Alishafariki, Mungu amrehemu. Tulimzika kwa tarumbeta, nami nilipiga. Nilipiga vizuri pia, siwezi kusema uongo.

Mtoto_wa_Bombo

Na rafiki mnazungumza naye?

Mstaafu_Tarumbeta

Kwa sikukuu tu, salamu za Idi na Krismasi. Lakini huu uzi umenichokoza. Kuna kanda ya zamani, mgeni mmoja alitukodi sherehe akarekodi, na mjukuu wangu ameihamishia kwenye simu. Imejaa mchakacho, ila wimbo wa taifa unasikika beti zote tatu. Kesho nitampigia nimsikilizishe. Sijui atasema nini. Labda atakata.

Chenji_Yangu

Mzee, usiposimulia nitakuja Bugembe kwa takisi.

Mstaafu_Tarumbeta

Nimempigia jioni hii, akiwa anafunga duka. Nilimwambia asiseme kitu, asikilize tu, nikaweka simu ya mjukuu karibu na simu yangu. Ikaenda ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ikakatika. Kimya. Nikasikia mlango wa bati unavutwa chini, nikadhani ameniacha ameenda kufunga.

Kisha akasema, "Ile tarumbeta ya pili."

Nikamwambia, "Enhe?"

"Iko chini."